Siku Kumi na Tisa za Moja Jumlisha Moja

Harufu ndiyo iliyompokea kabla ya mlinzi. Tusekile Mwaipaja alishuka kwenye gari la ofisi akiwa na barua ya malalamiko ya kurasa mbili, yenye muhuri, na hasira aliyokuwa akiipasha moto njia nzima, saa mbili za lami na nusu saa ya vumbi. Alikuwa amepanga hadi maneno ya kuanza nayo. Yote yalimtoka akilini pale getini, kwa sababu hewa ilinuka kama bucha lililokatikiwa umeme siku mbili, na juu ya uvundo huo kukawa na utamu fulani, utamu wa kuchefua.

Wenyewe walijua. Mapokezi walikuwa wamefukiza udi, na kila feni ilikuwa imening'inizwa kichupa cha manukato. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, na wahenga hawakuwahi hata kufika hapa.

Watu walipaita shamba, ingawa jengo lilikuwa kinu cha pamba cha zamani kilichopakwa rangi nyeupe. Tusekile alikuwa mhandisi wa hesabu wa Ofisi ya Bonde la Luhombwe. Kazi yake ilikuwa kusema mto utapanda kiasi gani, wapi na saa ngapi, na kwa miaka minne shamba hili ndilo lililokuwa likimkokotolea, lakini hakuwahi kulikanyaga. Ofisi nzima hakuna aliyewahi. Kila kitu kilifanyika ndani ya kivinjari. Unafungua ukurasa mweupe, unaandika milinganyo yako, unabonyeza, majibu yanakuja. Kompyuta ya mezani haikokotoi chochote, ni kioo tu cha kuchungulia. Ukurasa huo waliuita dirisha.

Tangu sheria ya umeme ilipozibakiza seva za chuma kwa hospitali kubwa pekee, wengine wote walihamia kwenye tishu: seli za ubongo zilizooteshwa kwenye masinia, zinazokula maji ya sukari na kutumia umeme usiofika wa taa moja. "Ni kama hamira tu," alisema muuzaji wa kwanza aliyekuja kuwaonyesha, akitabasamu. Nchi nzima ikaitikia kwa kichwa. Nani aliwahi kuionea hamira huruma?

Aliyetoka kumpokea alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye aproni ya plastiki na buti nyeupe zilizopanda hadi magotini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Nyanjige, mtunza ukumbi. Wewe ndiye wa sinia namba kumi na nne?"

"Mimi ni wa Ofisi ya Bonde. Nimekuja kwa sababu hesabu zetu zimekuwa nzito mno. Kitu kilichokuwa kikichukua dakika arobaini, siku hizi..."

"Ndiye wewe," Bi Nyanjige alimkatiza, bila ubaya. "Vaa buti. Ukisikia kutapika, ndoo ziko ukutani. Usitapikie sakafuni, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

*

Masinia yalipangwa kwenye rafu za chuma kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja na kifuniko cha kioo, mirija miwili na kijiskrini cha ukubwa wa kiganja. Ndani ya kila sinia kulikuwa na kipande cha nyama. Hakuna neno jingine la kukiita. Kilikuwa cha rangi ya kijivu chenye wekundu kwa mbali, kimejikunja mikunjo mikunjo, kimelowa, na mirija ilitoa mlio wa kunyonya usiokatika. Tusekile aliziba pua kwa kiganja akapumua kwa mdomo, akagundua kuwa kwa mdomo ni vibaya zaidi, maana sasa aliionja.

"Hawa wazima," Bi Nyanjige alisema akionyesha rafu ya kwanza. "Waone wanavyong'aa. Mteja akifunga dirisha, mrija wa amsho unajikata, wanalala. Asubuhi wanaamka, wanamfanyia mteja mwingine kazi vizuri. Amsho ni hii dawa ya njano. Dirisha likiwa wazi inadondoka, ili mteja akibonyeza ajibiwe hapo hapo."

"Na dirisha lisipofungwa?"

 Bi Nyanjige alimpeleka rafu ya nne, akavuta sinia la chini.

Kilichokuwa humo hakikung'aa. Kingo zake zilikuwa zimegeuka kijani cha mkate ulioota ukungu, na kati ya mikunjo kulikuwa kunatoka maji mazito ya njano ambayo Bi Nyanjige aliyapangusa kwa pamba, kwa mkono mwepesi, bila kukunja uso. Kila baada ya muda nyama ile ilitetemeka yote kwa pamoja kisha ikatulia. Tusekile aliangalia saa yake, kwa mazoea tu ya mtu wa vipimo. Kati ya mtetemeko na mtetemeko ilikuwa dakika moja kamili.

Akainama kusoma kijiskrini. Kiliandika 1 + 1. Nyama ikatetemeka. Kikaandika 2.

 Aliifikia ndoo kwa hatua mbili.

Maana mstari ule ulikuwa wake. Dirisha lisipotumika kwa dakika ishirini lilijifunga lenyewe, na ukishafungiwa unarudi mwisho wa foleni, siku tisa za kusubiri sinia jingine. Mtaani kwao, kwenye bomba la maji, ndoo iliyowekwa kwenye mstari ni mtu. Mwenyewe anaweza kwenda sokoni, anaweza kwenda msibani, ndoo inamshikia nafasi na hakuna anayebishana nayo. Tusekile aliipeleka hekima hiyo ofisini. Aliandika amri ya mistari miwili ya kuuliza moja jumlisha moja kila dakika, ili shamba lidhani kuna mtu anafanya kazi, akaliacha dirisha wazi akaenda zake nyumbani. Ijumaa moja aliwaonyesha wenzake kwenye kikao. Wakampigia makofi. Kumi na mmoja waliinakili siku hiyo hiyo, na Bwana Kapinga, mkuu wao, akasema hivi ndivyo vichwa ofisi inavyovihitaji.

"Siku kumi na tisa," Bi Nyanjige alisema nyuma yake, akimpa kikombe cha maji ya kusukutua. "Nikajiuliza, hawa watu wana wazimu? Mtoto wa chekechea anajua moja na moja. Nyie mmemuuliza huyu siku kumi na tisa, mchana na usiku, hajafumba jicho."

"Hana jicho, Mama. Ni tishu."

"Haya."

"Kwa nini hamkufunga ninyi?"

"Dirisha anafunga mteja. Mimi nikigusa mrija, king'ora kinalia mpaka makao makuu. Nimeandika taarifa nne. Hakuna aliyenijibu."

Tusekile alipiga hesabu kichwani, hakuweza kujizuia, ndiyo kazi aliyosomea. Mara elfu ishirini na saba, mia tatu na sitini. Aliitazama mikono yake kana kwamba ilikuwa na utelezi.

*

Simu ya Bwana Kapinga iliingia saa nne kasorobo, Tusekile akiwa bado ameegemea ukuta.

"Tusekile, umewabana hao watu?"

"Bwana Kapinga, dirisha letu..."

"Sikiliza kwanza. Huko juu imenyesha milimita mia na kumi usiku wa jana. Data nimeshakutumia. Mkuu wa wilaya ananiuliza namba ya Kibomani, na ananiuliza kila baada ya dakika kumi."

Kibomani ilikuwa chini ya bwawa la Luhombwe, watu elfu sita nyuma ya tuta la udongo lenye kimo cha mita tatu na nusu. Maji yakifika tatu na robo, watu wanalala makwao. Yakifika nne, hakuna wa kulala. Miaka miwili nyuma walihamishwa kwa kubahatisha, mvua ikaishia njiani, na mjamzito mmoja akafia juu ya lori. Tangu siku hiyo malori ya wilaya hayakuwashwa bila namba iliyokokotolewa.

"Nikikadiria kwa kalamu je?" Tusekile aliuliza.

"Kadiria."

Alichukua daftari akakaa juu ya kreti la sukari. Kwa robo saa aliandika kwa kanuni za zamani alizofundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Jibu lilikuwa kati ya mbili nukta nane na tano. Jibu la namna hiyo hata mganga wa kienyeji angeweza kulitoa, na yeye angekupa na hirizi.

"Haina maana, bosi."

"Basi bonyeza hiyo mashine."

Alikata simu. Bi Nyanjige alikuwa amesikia yote, maana Bwana Kapinga husema kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Mama, hiki kinaumia?"

"Unaniuliza mimi? Wao makao makuu wanasema hapana." Bi Nyanjige aliitupa pamba chafu kwenye pipa. "Nimekuwa muuguzi wa wodini miaka thelathini na moja kabla ya kuja hapa. Wanaoongea na wasioongea, nimewahudumia wote. Mwili unaoomba kulala naujua."

"Nikifunga sasa?"

"Atalala. Pengine atapona, sikudanganyi, pengine. Ila akilala atausahau mto wenu, na mwingine anayeujua hayupo. Nyie mtarudi foleni."

"Siku tisa."

"Siku tisa."

"Na nikiendesha hesabu?"

"Kwa hali hii, saa tano. Akifika."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tusekile alijiambia kwamba upande mmoja kuna watu elfu sita wenye majina, wenye kuku na watoto wa shule, na upande wa pili kuna sinia la nyama inayooza. Ilipaswa kuwa hesabu nyepesi kuliko zote alizowahi kupiga. Lakini nyama ile isingekuwa inaoza kama si yeye. Angelifunga dirisha siku ya kwanza na kupanga foleni kama mtu mwenye adabu, leo angekuwa na sinia zima, namba ya Kibomani ingetoka kwa dakika arobaini na pasingekuwa na wa kuumia. Hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko harufu.

Alifungua kompyuta yake juu ya kreti, mita moja kutoka kwenye sinia. Ukurasa ulikuja mweupe, safi, wenye salamu yake ya kila siku: *Habari, Tusekile. Uko tayari?* Maneno yake yangepita kwenye waya hadi makao makuu, maili mia tatu, kisha yarudi kwenye chumba hiki hiki. Aliifuta ile mistari miwili ya moja jumlisha moja. Akapakia data ya mvua. Akabonyeza.

*

Hesabu ya mto haina uchawi. Unaukata mto na mabonde yake vipande elfu arobaini na mbili, na kila kipande unakiuliza maji mangapi yameingia na mangapi yametoka. Vipande havikubaliani. Unakisia, unapima kosa, unakisia tena kwa ubora zaidi kidogo, na kosa linapungua hadi liwe chini ya moja kwa elfu. Ndipo namba inaaminika. Ofisini Tusekile aliitazama safu ya makosa ikishuka huku akinywa chai na maandazi, na hakuna picha aliyoipenda kuliko hiyo.

Sasa aliona upande wa pili wa picha. Kila kisio kilikuwa pigo. Nyama ilijikunja, ikajikunjua, na maji ya njano yakatoka mapya kila mahali palipopanguswa. Kosa lilianza sufuri nukta nne. Kufikia saa sita mchana lilikuwa sufuri nukta sufuri tisa, na alipoiona namba hiyo Tusekile alihisi furaha, ile ile ya siku zote, ikimpanda kifuani bila kuombwa. Alijichukia kwa furaha hiyo. Alitamani aitapike nayo.

Bi Nyanjige alimpa glavu na pamba. "Kaa huku. Pangusa kutoka katikati kwenda nje, usikandamize."

Alipangusa. Ilikuwa na joto la mwili. Hakuna aliyemwambia kwamba itakuwa na joto.

"Mbona unaifanya kazi hii, Mama?"

"Nisipokuwepo mimi atakuwepo nani? Ataletwa mtu asiyejua kupangusa."

Saa nane kosa lilikwama. Sufuri nukta sufuri sufuri sita, halafu hiyo hiyo tena, halafu hiyo hiyo. Nyama ilikuwa imeacha kujikunja, inatetemeka tu pembeni. Ukurasa mweupe ulifungua kisanduku kidogo chenye kona za duara na rangi ya kupendeza: *Kasi imepungua. Ungependa kuongeza amsho?* Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Siyo sasa.

"Akiongezewa?"

"Atamaliza," Bi Nyanjige alisema. "Kisha hatalala tena."

"Maana yake?"

"Umeelewa, mwanangu. Usinilazimishe niseme."

Bwana Kapinga alikuwa ameshapiga mara saba. Tusekile alivua glavu ya mkono wa kulia, maana kitufe hakikukubali glavu. Aliangalia sinia, si skrini, kwa sababu aliona kwamba hilo angalau anadaiwa. Alibonyeza Ndiyo.

Mrija wa njano ulijaa. Kitu kile kilijirusha kwa nguvu hadi kioo cha juu kikagonga, na harufu iliyotoka ilimfanya hata Bi Nyanjige ageuze uso. Kosa likashuka. Sufuri nukta sufuri sufuri nne. Mbili. Moja. Chini ya moja.

Namba ya Kibomani ilikuwa mita nne na sentimita ishirini, saa kumi alfajiri.

"Nne nukta mbili," alimwambia Bwana Kapinga, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtangazaji wa redio. "Tuta litazidiwa. Wahamisheni sasa hivi kungali mchana."

Alimsikia akiwageukia watu chumbani, viti vikisukumwa, mtu akiita madereva. Bwana Kapinga aliporudi kwenye simu alikuwa na machozi sautini, mtu mzima yule.

"Mungu akubariki, dada. Na sikiliza, dirisha hilo usilifunge. Msimu bado mbichi. Wiki ijayo tutalihitaji tena."

"Limeshakufa, bosi."

"Dirisha linakufaje?"

 Alikata.

*

Alilifunga kwa mkono wake. *Una uhakika?* ukurasa ukauliza. Alikuwa na uhakika. Mrija wa amsho ulijikata kwa mlio mdogo, na wote wawili wakasimama juu ya sinia. Nyama ililegea mkunjo mmoja baada ya mwingine. Rangi ilihama kutoka katikati, ukabaki weupe wa maji yaliyochemshiwa mihogo.

"Amelala?" Tusekile aliuliza, ingawa alishaambiwa.

"Hapana, mwanangu."

Bi Nyanjige alifunika kioo kwa kitambaa, akaenda kabatini akarudi na fomu. Fomu ya kuteketeza sinia, nakala tatu. *Sababu ya kuharibika*, na visanduku vitatu: umri, hitilafu ya umeme, matumizi ya kawaida.

"Wengi huweka tiki hapa," Bi Nyanjige alisema, akigusa cha tatu.

"Wangapi?"

"Wote."

Tusekile aliisoma fomu mara mbili. Matumizi ya kawaida. Maneno matatu safi, yamepigwa pasi. Angeweka tiki na kuondoka, na kusingekuwa na mtu duniani wa kumuuliza; kesho Kibomani wangemshukuru, na wangekuwa na haki, maana wangekuwa hai. Aliacha visanduku vyote vitatu kama vilivyo. Pembeni, mahali pasipo na mstari, aliandika: *Nilikiweka macho siku kumi na tisa kwa makusudi ili kushikilia nafasi. Kisha nikakikokotolesha mpaka kikafa, kwa ajili ya Kibomani. La pili naweza kulieleza. La kwanza siwezi. T. Mwaipaja.*

Bi Nyanjige aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Watairudisha. Hakuna kisanduku cha hivyo."

"Wairudishe."

"Na hawa je?" Mama yule alielekeza kidevu chini, kwenye sehemu iliyobaki ya rafu ya nne. Tusekile aligeuka. Hakuwa ametazama kulia wala kushoto tangu asubuhi. Masinia kumi na moja yalifuatana, kila moja na kijiskrini chake na jina la mwenzake wa ofisini, na kwenye kila kijiskrini, kwa dakika zinazopishana, moja ilijumlishwa na moja. La kwanza lilikuwa na ukungu kidogo tu pembeni. La mwisho bado liling'aa karibu lote.

Alikaa tena juu ya kreti la sukari, akatoa simu, akaanza na Ombeni wa kitengo cha mabwawa madogo kwa kuwa jina lake lilikuwa la kwanza rafuni.

"Dada, hongera," Ombeni alisema. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka kwa furaha. "Ofisi nzima inakuimba. Umeokoa mji."

"Ombeni, funga dirisha lako."

"Lipi?"

"La shamba. Lifunge sasa hivi, na uwaambie wengine wafunge. Wote kumi na mmoja."

"Kwani limefanyaje?"

"Nitawaeleza Jumatatu, mmoja mmoja. Kwanza funga."

 Mbele ya macho yake, kwenye sinia la Ombeni, nyama ilitetemeka na kutulia.

"Dada, nitarudi foleni. Mvua hizi? Siku tisa bila hesabu, bosi atanitoa roho." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Halafu we naye. Si wewe uliyetufundisha?"

"Ndiyo," Tusekile alisema. "Ndiyo maana nakupigia mimi."